Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Benki Yetu

Kwa Waheshimiwa Wakurugenzi, Makao Makuu, Nairobi.

Nawaarifu kwamba ujumbe wenu umetuwasili sisi wateja wa Ukunda na Msambweni, kwa simu na kwa Kiingereza, mkituuliza tumeiridhia kwa nyota ngapi huduma ya benki mtandaoni. Na kwa kuwa hamkuacha nafasi ya mtu mwenye neno la kusema, nimeonelea nijibu kwa kalamu.

Kwanza nausifu werevu wenu. Kungoja watu wa pwani hii waikubali huduma kwa hiari kungetaka subira, nanyi mkakata shauri jingine: mkapunguza makarani, mkapandisha ada ya kutolea fedha kaunta, mkamweka askari mlangoni mwenye idhini ya kumuuliza mzee aliyetoka Vanga, nauli imekwisha mfukoni, kwani hana simu, kisha mkawahesabu waliosalimu amri, mkawaandika kuwa wameridhia. Kwa kanuni hiyo, abiria wote wa feri ya Likoni ni wapenzi wa bahari.

Mwanachuoni mmoja wa Marekani, Fred Davis, alieleza mwaka 1989 kwamba mtu huukubali mtambo mpya akiuona una manufaa na si mzito kuutumia. Waliomfuatia wakaongeza imani. Sidhani kama alipata kufika Gazi, lakini M-Pesa ilipoanza Machi 2007, hata asiyewahi kukanyaga ukumbi wa benki aliizoea, kwa sababu iliingia katika simu ya mulika mwizi, ilifahamu Kiswahili, na nyuma yake alikuwapo wakala, kijana anayejulikana kwao, ambaye fedha zikipotea njia huendewa dukani, akafungua daftari, mambo yakasemwa. Programu yenu haina kwao. Yataka alama ya kidole kwa mvuvi ambaye kamba za jarife zimekwisha mfuta alama zote, na ikimkataa humfungia akaunti, ikamwagiza afike tawini na kitambulisho, yaani pale pale mlipomfukuza.

Insafu yanilazimu kukiri kwamba lipo jambo moja ambalo mtandao wenu haulikosei hata siku ya mvua: mkopo. Habari za mkopo wa riba hutufikia hata Ijumaa, khatibu yu juu ya mimbari, katika kaunti ambayo wengi wa watu wake ni Waislamu, na katika nchi ambayo tangu 2008 ina benki zisizotoza riba.

Na ikiwa kweli mwatafuta siri ya ridhaa, Benki Kuu iliwafichulia bila gharama. Machi 2020, wakati wa Korona, ada za kuhamisha fedha baina ya akaunti na simu ziliondolewa, nasi tukaridhika bila kuulizwa. Ziliporejeshwa Januari 2023, sikumbuki kuletewa dodoso.

Haja yetu ni ndogo: mtu mmoja, mwenye jina, anayepokea simu na kusema Kiswahili, na mwenye mamlaka ya kurudisha fedha zilizokwenda kusiko. Jibu lenu nitalipokea tawini Ukunda, ambako nitakuwapo Jumatatu asubuhi kwa shughuli ya kufunguliwa akaunti. Askari ananifahamu.

Wasalaam,
Mteja wenu, Msambweni.