Namna ya Kukata Mti Bila Kuuliza Mtu: Mwongozo kwa Wenye Haraka

Umenunua ploti Kilifi, hati imetoka, na pale ulipopanga gereji umesimama mti. Mwenye pawasoo umeshampigia simu, anakuja Jumamosi. Hongera. Mwongozo huu umetungwa kwa ajili yako, ufike mbele ya hakimu bila kupotea njia.

1. Itegemee hati yako. Jiambie kwamba mwenye ardhi ndiye mwenye kila kilichoota juu yake. Pwani, tangu zama za mababu, shamba huweza kuwa la mtu mmoja na minazi au miembe ikawa ya mwingine, na majirani wote wanalijua hilo. Muuzaji hakukutajia? Nawe usimuulize. Mwembe ukishalala chini, mwenyewe atatokea na wajukuu zake, na kila mjukuu atakumbuka hesabu ya maembe ya kila msimu. Fidia itapanda kadiri watu wanavyoongezeka mkekani.

2. Usijifunze jina la mti. Jina huleta maswali. Uite kichaka, yaishe. Msandali nao huonekana hivyo hivyo: mti mdogo wa nyika, hauna makuu, unaota hata Taita. Kenya ilipiga marufuku kuuvuna mwaka 2007, na mwaka 2013 ukaingizwa katika orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Mafuta yake yanayotafutwa yamo kwenye moyo wa shina na kwenye mizizi, kwa hiyo wavunaji hawakati, wanang'oa. Tena huuandama mti jike kwa sababu ndio wenye mafuta mengi, na mbegu za kesho zikaondoka nao. Wewe pima kwa macho tu: mkubwa uogope, mdogo ufyeke.

3. Ukiwa ufukweni, sema mikoko ni magugu. Inaziba mandhari, inaleta mbu, na wageni wako wanataka kuona maji. Usijisumbue kujua kwamba mikoko ya Kenya ilitangazwa msitu wa serikali tangu mwaka 1932, kwa hiyo hati yako haiifikii hata kama matawi yake yanagusa ukuta wako. Lamu ndiko usikopaswa kuuliza kabisa. Watu wa huko wamejengea boriti za mikoko majumba yao ya mawe na kuzipakia majahazini kwenda Uarabuni karne kwa karne, mpaka uuzaji wa nje ulipopigwa marufuku mwaka 1982. Hata wao, pamoja na ujuzi wote huo, huingia mikokoni kwa leseni. Wangekuchosha kwa maelezo.

4. Wazee wapite mbali. Mzee akisema huo mti ni wa kaya, mjibu kwamba hukuona ua wala kibao. Kaya za Mijikenda, misitu yao mitakatifu, hazizungushiwi seng'enge. Mipaka yake imo vichwani mwa wazee hao hao uliowafukuza. Imo pia kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, kwani kaya nyingi zimetangazwa kuwa turathi za taifa, na mwaka 2008 UNESCO ikaziingiza baadhi yake katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kwa tawi moja, basi, unaweza kugombana na mizimu, serikali na dunia nzima. Wachache hufanikiwa kiasi hicho.

5. Shika jibu la zamani. Shemeji yako aliruhusiwa, basi nawe umeruhusiwa. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma na ya jamii. Julai 2023 Rais Ruto akatangaza kuiondoa marufuku hiyo. Mwezi uliofuata mahakama ikalisimamisha tangazo lake. Mtu aliyelala miezi miwili angeamka akikuta sheria imekwenda na kurudi. Shemeji yako ana uhakika gani? Mkubwa sana, na huo unatosha.

6. Akitokea mnunuzi, usiulize anapeleka wapi. Mwaka 2022 mibuyu ya Kilifi ilichimbuliwa mizizi na yote, ipelekwe Georgia, nchi iliyo kando ya Bahari Nyeusi. Wenye mashamba waliiuza kwa hiari yao, wengine wakisema inawazuia kulima. Kelele zikapanda mpaka Novemba mwaka huo Rais akaamuru uchunguzi: je, leseni ni halali, na Wakenya wanapata fungu gani kwa mujibu wa Itifaki ya Nagoya, makubaliano ya kimataifa juu ya kugawana faida za rasilimali za kijenetiki? Kumbe mbuyu wa shambani kwako una mkataba wa kimataifa, na hakuna aliyekudokezea.

7. Jipe moyo kwamba wakubwa wana kazi nyingine. Sheria ya misitu ya Kenya inampa Rais uwezo wa kutangaza mti, au jamii nzima ya miti, kuwa ni wa kulindwa. Mwaka 2020 mti mmoja wa mugumo wa Waiyaki Way, Nairobi, ulikuwa ung'olewe kupisha barabara ya juu. Rais Kenyatta akaamuru uachwe, na barabara iliyogharimu mabilioni ikajipanga upya. Gereji yako, bila shaka, ina nguvu zaidi.

8. Kata kwanza, kibali baadaye. Kisiki hakisemi, utadhani. Afisa wa misitu atachutama, atapitisha futi kamba kukizunguka, ataokota jani moja kwenye vumbi la mbao na kulitaja jina lake kabla hujamaliza kujieleza. Zikibaki mbao, zipakie usiku. Kwenye kizuizi wataulizia hati ya asili ya mbao na kibali cha kusafirisha, nawe utawaonyesha risiti ya mwenye pawasoo.

Nyongeza, kwa wasio na haraka. Piga picha shina, jani na tunda. Waulize majirani jina la mti na mwenyewe, kisha wazee. Pita kwa chifu, halafu ofisi ya Shirika la Huduma za Misitu Kenya, KFS, na ile ya kaunti, uulize sheria ya leo inasemaje juu ya mti ule, mahali pale. Waombe waje wauone, na kibali kiwe cha maandishi. Ukikatazwa, kuchora upya gereji ni kazi ya penseli. Na mwenye pawasoo usimwonee huruma: wateja ambao hawatasoma hadi hapa wamejaa tele.