Friji Linaloomba Maji

Jumamosi

Friji limeteremshwa kwenye kirikuu saa nne asubuhi. Limetoka Dubai ndani ya kontena la shemeji, kaka wa mke wangu, ambaye amerudi nchini na vyombo vyake vyote na kukuta nyumba aliyopangishiwa haina pa kuviweka. Umeme wa Dubai na wa Dar es Salaam haupishani sana, volti 230 na hezi 50, na hata plagi ni ileile ya meno matatu. Kama lingetoka Marekani, lingetaka volti 115 na hezi 60, na tungekuwa tunatafuta transfoma. Kwa upande wa umeme, basi, hatuna malalamiko.

Kwa upande wa mlango yapo. Friji lina upana wa sentimita 91. Wiki iliyopita shemeji alikuja na futi kamba, akapima nafasi iliyopo kati ya kabati la jikoni na ukuta, akapata 95, akatupongeza. Fremu ya mlango wa jikoni, ambao ndio njia pekee ya kufika kwenye nafasi hiyo, ni sentimita 80.

Wapakuaji walilitazama friji, wakautazama mlango, wakanitazama mimi. "Mzee, ng'oeni milango," alisema mkubwa wao. Mke wangu akauliza milango ya nyumba au ya friji. Akajibiwa kwamba hayo ni ya wenye nyumba kuamua. Walilipwa wakaondoka. Friji liko sebuleni. Tumeangalia taarifa ya habari tukiwa tumekaa pembeni.

Jumapili

Wageni waliokuja baada ya ibada wamelisifu sana. Halijawashwa. Kwenye kontena lilisafiri limelazwa, na mafuta ya kompresa yanahitaji muda wa kurudi mahali pake kabla ya kulipatia friji umeme. Mmoja wa wageni aliufungua mlango, akaona taa haiwaki, akatupa pole.

Jumatatu

Fundi friji amekuja. Ni kijana mpole, haongei mpaka amalize kukaza nati. Ametoa milango yote miwili, kazi ambayo si ya bisibisi tu: kwenye bawaba ya juu kuna nyaya, na kwenye ile ya chini kuna kimrija cha maji kinachopanda mlangoni hadi pale pa kukingia glasi. Bila milango, kina cha friji ni sentimita 74. Likageuzwa ubavu. Kati ya 74 na 80 zilibaki sita, nne zikachukuliwa na bawaba za grili. Mbili zilizosalia tulizitumia zote, pamoja na rangi kidogo ya fremu.

Limekaa mahali pake. Mlango wa friza uko upande wa ukuta, kwa hiyo unafunguka nusu na kukwama, na droo zake haziwezi kuvutwa zikatoka zote. Nimempigia shemeji kumuuliza kama alipima na mlango ukiwa wazi. "Shemeji, nani anapima friji likiwa wazi?" aliuliza, na kwa kweli simjui hata mmoja.

Jumanne

Fundi bomba ameunganisha maji. Bomba la nyumba ni la nusu inchi, mrija wa friji ni wa robo inchi, na kiungo cha kuvikutanisha kilipatikana Kariakoo kwa bei ya bomba zima. Kimefungwa kwa tredi tepu na koki yake. Hakivuji. Nimeandika hili kwa sababu mke wangu amesema niandike na mazuri.

Kitabu cha friji kinasema friza ifike nyuzi 18 chini ya sifuri, kisha tusubiri saa 24. Usiku umeme ulikatika.

Jumatano

Friza imefika nyuzi 18 chini ya sifuri. Barafu hakuna.

Fundi friji amerudi na kukuta tatizo ndani ya muda mfupi. Mashine ya barafu ina mkono wa waya unaoning'inia juu ya chombo cha kupokelea vipande. Barafu ikijaa, inauinua mkono, na mashine inajizima hadi barafu itakapopungua. Mkono wetu ulikuwa umeinuliwa na vibua. Kilo mbili, kwenye mfuko, wamelazwa vizuri ndani ya chombo cha barafu na mama mkwe, anayetutembelea tangu mwisho wa mwezi uliopita.

Nilimwendea kwa adabu. "Shikamoo, mama. Wale vibua..."

"Marahaba, mwanangu. Nimewaweka pale penye baridi zaidi."

Fundi akamweleza habari za mkono wa waya. Mama alisikiliza hadi mwisho. "Kwa hiyo mashine haiwezi kutofautisha samaki na barafu?"

"Haiwezi, mama."

"Basi kasoro si ya samaki."

Hakuna aliyekuwa na jibu. Vibua wamehamishiwa kwenye droo ya chini, ile inayotoka nusu, na kwa sasa hatuwezi kuwatoa.

Alhamisi

Barafu imetoka. Nilisikia mlio wa vipande vikidondoka, nikaenda jikoni nikijizuia kukimbia. Vilikuwa vinane, vyembamba kama kucha, vingine vina tundu katikati. Mke wangu akaweka kimoja kwenye maji ya ndimu. Kiliyeyuka kabla hajaketi.

Fundi alivitazama akasema neno moja: presha. Friji lina valvu ndogo ya umeme inayofunguka kwa sekunde chache tu, kiasi cha saba, kisha inajifunga, iwe maji yametosha au hayajatosha. Maji yakija kwa unyonge, kinachoingia ni kidogo, na kidogo hicho ndicho kinachoganda. Kitabu kinataka bar 1.4. Tukatoka uani kulitazama tanki. Liko juu ya mnara wa mita nne. Kila mita kumi za kwenda juu zinaleta takriban bar moja, kwa hiyo yetu inafika 0.4, ukiondoa kinachopotelea kwenye kona za bomba na kwenye kichujio cha friji, ambacho kwa maji yetu ya kisima kimeshabadilika rangi.

Ili friji hili lipate kiu yake, tanki lingepaswa kuwa juu ya mita 14. Hiyo ni zaidi ya ghorofa nne. Nyumba yetu haina hata moja. Dubai shemeji alikaa kwenye jengo ambalo pampu zake zinasukuma maji kwa nguvu hadi juu, na mashine ya barafu ilikuwa haina habari kwamba duniani kuna watu wenye matanki. Katika vipimo vyote vilivyochukuliwa kwa futi kamba, hakuna aliyepima mnara.

Mchana kulikuwa na joto. Tumenunua bonge la barafu kwa mama jirani, anayegandisha maji kwenye makopo ndani ya friza kuukuu yenye kutu. Friza yake haina kitabu.

Ijumaa

Tumefunga pampu ndogo ya kuongeza presha, ile inayojiwasha yenyewe maji yanapotembea. Tulifungua bomba la jikoni kuijaribu, maji yakaruka hadi kwenye kalenda. Tukafurahi. Tukasubiri.

Vipande vyembamba.

Fundi amekaa chini kwa muda mrefu akiisikiliza pampu. Pampu hiyo inahitaji maji yapite kwa kasi ya lita moja na nusu au mbili kwa dakika ndipo itambue kwamba kuna mtu anayeyahitaji. Valvu ya friji inavuta chini ya hapo. Friji linaomba maji kwa sauti ndogo, na pampu haisikii. Lakini mtu akifungua bomba la kuoshea vyombo, pampu inaamka, na kama kwa bahati friji nalo liko kwenye zamu yake ya kujaza, linapata haki yake.

Leo jioni binti yetu aliosha sufuria la pilau muda mrefu kuliko kawaida. Saa mbili baadaye vikadondoka vipande vinane vilivyonenepa, visivyo na tundu. Mama mkwe amependekeza tule pilau kila siku.

Jumamosi

Kinachotakiwa ni pampu yenye kitanki chake cha presha, inayotunza maji yakiwa yameshasukumwa, ili friji lisihitaji kumwamsha mtu. Dukani bei yake inakaribia bei ya friji dogo jipya lisilotengeneza barafu. Shemeji amepigiwa, amesema atachangia wazo.

Msomaji mwenye pampu ya aina hiyo, hata iliyotumika, apige hodi getini. Jioni tupo. Soda ipo, baridi, bila barafu.