Mhadhara wa Bingwa Mkuu Kuhusu Kiini cha Yai la Mbu

Waheshimiwa, mabibi na mabwana, na wewe kijana unayechezea simu kule nyuma: kaeni sawa. Mbele yenu amesimama Bingwa Mkuu wa Vimeng'enya vya Mayai ya Wadudu, cheo nilichotunukiwa na kamati ambayo mwenyekiti, katibu na mjumbe wake ni mimi.

Leo namleta Aedes aegypti, yule mbu mwenye pete nyeupe miguuni anayetugawia dengue. Jike akishafyonza damu yako, tishu ya mafuta iliyomo tumboni mwake huanza kufyatua protini iitwayo vitelojenini. Protini hiyo hupita katika damu ya mbu mwenyewe, ikaingia kwenye mayai machanga, ikawa kiini. Wasomi wa kawaida huishia hapo wakaenda kunywa chai. Mimi sikwenda.

Kwani tishu ile ile hutengeneza pia kathepsini B, kimeng'enya cha kukatakata protini za kiini, na vyote viwili huwekwa akiba ndani ya yai moja. Swali: mbona kisu hakikati nyama njiani? Kimya! Nilijua. Kisu kiko alani, mabwana. Kimeng'enya hutoka na kipande cha ziada kinachokizuia kufanya kazi. Kiinitete kinapoanza kukua, vifuko vya kiini huzidi uchachu, kipande kile hukatwa, na karamu inaanza: protini kubwa huvunjwavunjwa hadi kuwa amino asidi za kujengea mtoto wa mbu, pamoja na utumbo wake na manyoya yake. Mende wa Kijerumani naye huamsha vimeng'enya vyake kwa uchachu, lakini mende ana zamu yake, na kiingilio chake.

Baada ya siku 3 hivi kiluwiluwi amekamilika ndani ya ganda, na anaweza kungoja maji kwa miezi kadhaa yai likiwa kavu kabisa. Halafu kuna watu humu humwaga maji ya ndoo wakajipigia makofi! Mayai yamegandamana ukutani, juu kidogo ya usawa wa maji; hayana habari na ninyi.

Basi, kwa mamlaka niliyojipa, naamuru: mkifika nyumbani mwageni maji, kisha shikeni brashi msugue kuta za ndoo, mapipa na makopo ya maua. Maswali sipokei. Makofi napokea.