Wati 50 za Kwenye Karatasi

Zamani ukitaja amplifaya, mtu anaanza kutafuta wa kumsaidia kubeba. Bati mgongoni, transfoma tumboni, kesho yake kiuno hakinyooki. Siku hizi, bana, unashuka Kariakoo unapewa kibodi cha kijani kinachoenea kiganjani, katikati kuna kachipu kamegandamizwa kibati cha kupooza moto. Basi. Hiyo ndo amplifaya. Nikauliza wati ngapi. Kijana wa dukani akasema 50 kulia, 50 kushoto. Mi balbu yangu ya sebuleni ni wati 9 na inanionyesha mpaka kunguni wanapokwenda. Sasa 50 mara mbili si mtaa mzima utahama?

Nikalipa hapo hapo, kibodi na spika zake. Sabufa ya dukani nimeshaulizia bei yake, nikaambiwa nikatafute kiti kwanza nikae. Mi nitaunda yangu. Spika zenye amplifaya yake humo humo ndani, unachomeka ukutani, unacheza. Kijana akasema hizo zinaitwa spika aktivu. Nikasema najua. Sikuwa najua. Lakini mtu mzima unasimama dukani, foleni nyuma yako, utasemaje?

Sasa moto wa kuiwasha. Kibodi hakiji na adapta, usiulize kwa nini, dunia ndo ilivyo. Nyumbani kuna adapta ya king'amuzi, volti 12. Nikaichomoa. Mama Zawadi saa hiyo yuko kwenye tamthilia yake ya Kituruki, yule mwanamke anataka kujua mtoto ni wa nani. Hatukujua mtoto ni wa nani. Mpaka leo nalaumiwa.

Nikawasha. Wimbo ukaanza vizuri, sauti ya mwimbaji ikatoka. Besi ikapiga du. Taa ya kibodi ikazima. Ikawaka. Du. Ikazima. Nikapandisha sauti labda ina usingizi. Ikawa inazima hata kabla ya du.

Nikamwita mpwa wangu anayesoma umeme VETA. Huyu kijana ana tabia moja, hafungui mdomo kueleza mpaka aufungue kwanza kula. Chapati zikaja. Akakisoma kichipu kwa tochi ya simu. "Mjomba, hii ni TPA3116 ya Texas Instruments. Hizo wati 50 ni ukiipa volti 21, na spika ziwe za omu 4. Wewe umeipa ngapi?" Nikamwambia 12. "Na spika zako?" Akageuza mwenyewe akasoma mgongoni, omu 8. Akachukua kalamu ya mwanangu. Volti 12 kwenye omu 8, hata kila kitu kikienda sawa kabisa, unapata wati 9 kila upande.

Wati 9. Sawasawa na balbu.

Bado hajamaliza. Adapta yenyewe imeandikwa ampea 1.5. Zidisha kwa 12, wati 18, za nyumba nzima. Ndo maana besi ikitaka pumzi, adapta inakata tamaa. Akanituma nikatafute chaja ya laptop, volti 19, ampea tatu na ushee. Sasa we fikiria. Mi nimenunua kitu kidogo nisisumbuke, kitu kidogo kinataka chaja kubwa kuliko chenyewe. Halafu eti hakichemki! Mpwa anasema zile za zamani zilikuwa zinaachia umeme kidogo kidogo na unaobaki unageuka joto. Hizi zinawaka na kuzima, zinawaka na kuzima, mara 400,000 kwa sekunde au zaidi, kwa hiyo karibu umeme wote unaenda kwenye spika. Nikasema mbona kwangu ilikuwa inawaka na kuzima pia. Akaomba chai.

Chaja ikapatikana. Sauti ikakaa. Lakini besi hakuna. Spika nimeziweka mezani zimelala chali, inchi sita na nusu kila moja, sumaku nzito kama jiwe la kusagia, halafu zinatoa sauti nyembamba ya simu. Nikajua nimepigwa. Spika feki hizi. Nikazifunga kwenye mfuko, nikapanda daladala, nikarudi Kariakoo na sura ya mtu mwenye haki.

Nikapaza sauti pale dukani. Watu wakajaa, si unajua Kariakoo watu wanavyopenda kesi isiyo yao. Kijana hakubishana. Akaiunga spika yangu kwenye redio yake, ikalia kile kisauti, nikawageukia mashahidi wangu nikasema mnaona? Akavuta boksi tupu la feni, akalitoboa tundu la duara kwa kisu, akaikandamiza spika juu ya tundu. Duuu. Kaunta ikatetemeka, betri za rimoti zikabingirika chini. Akaiinua, kisauti. Akairudisha, duuu. Akaiinua tena, hapo ni makusudi tu. "Mzee wangu, ikisukuma upepo mbele, nyuma inavuta. Bila boksi upepo unazunguka pembeni unajaza pale pale, besi inakufa. Spika inataka tumbo." Mama mmoja mwenye kapu la vitunguu akasema, "Hata mimi nilijua." Mama wa vitunguu! Nikafunga mfuko wangu. Ubaya wa daladala za jioni ni kwamba yule mama tukapanda moja.

Basi tukaenda kwa seremala. Seremala wangu ni wa vitanda. Nikamchorea boksi, akasema rahisi sana. Akaleta maboksi mazuri, imara, ya mninga, yana miguu ya kuchongwa na sehemu ya kichwani. Mama Zawadi kaweka kitambaa juu. Na yanavuja. Ukipiga besi, kwenye kona unasikia fyuu, fyuu, tumbo limetoboka. Unga wa mbao na gundi, nikasiliba mpaka vidole vikashikana.

Kwenye kuunga waya sasa, hapo mi si mgeni. Nimewahi kufunga redio ya gari la rafiki yangu, hasi zote zilikwenda kwenye bati la gari na mambo yakawa mambo. Kwa hiyo hasi ya spika ya kulia na hasi ya spika ya kushoto nikazikutanisha kwenye waya mmoja, kuokoa waya. Bei ya waya wa shaba mnaijua. Nikawasha, kibodi kikanyamaza. Hakikulia, hakikutoa moshi. Kimenuna tu.

Chapati zikapikwa tena. Mpwa akaangalia, akashika kichwa kwa mkono wenye mafuta. "Mjomba, kwenye hizi hakuna hasi ya kukaa chini. Waya zote mbili za spika zina moto. Huu ukisukuma, ule unavuta. Ukikutanisha kulia na kushoto unazigonganisha." Sasa kama siyo hasi, kwa nini wameandika alama ya kutoa? Mtu anaandika alama ya kutoa, mi natoa, halafu naonekana mjinga. Akasema bahati yangu kichipu kina kinga, kikiona mzunguko umeharibika kinajizima, ukichomoa na kuchomeka kinafufuka. "Kingekuwa cha zamani kingeshakufa. Hiki kina akili." Hakumalizia kina akili kuliko nani. Aliangalia tu chapati.

Twita nazo, zile spika ndogo za sauti nyembamba, zilikuja na kikopo kidogo kimeungwa kwenye waya mmoja. Nikakikata. Mi naona kimening'inia hakina kazi. Kumbe ndicho kinachozuia besi isiingie kwenye twita. Twita hizo zilikuwa na sauti tamu sana kwa muda mfupi. Ndipo mpwa akanieleza kwamba spika aktivu ya kweli ina kibodi cha besi na kibodi kingine cha twita, na kabla yake kuna krosova inayogawa sauti mapema, nene kule, nyembamba huku, hakuna anayeingilia chakula cha mwenzake. Vibodi viwili! Nikasema haya mambo ya wati za uongo yameanza lini. Akanipa historia: mwaka 1964 huko Uingereza, Clive Sinclair aliuza vifaa vya kujiungia amplifaya ya namna hii hii ya kuwaka na kuzima, X-10, ikatangazwa ya wati 10 na haikuzifikisha. Nikafarijika sana. Mzungu, na mwenye kampuni, zimemshinda! Mpwa akasema, "Mjomba, yake ilikuwa kati ya za mwanzo kabisa. Ya kwako imesharekebishwa miaka 60."

Mwisho tukaongeza kibodi cha Bluetooth. Nacho nikakipa umeme wa chaja ile ile, kikaanza ngiiiii. Wimbo ukinyamaza, ngiiii. Dawa yake kukipa chaja yake peke yake, ya simu, ili ardhi zisigombane. Kwa hiyo nyuma ya kabati sasa kuna rundo la plagi, na swichi hatukuweka maana bajeti iliishia kwenye miguu ya kuchongwa. Na humo ndani kuna mwanamke. Umeme ukirudi saa nane usiku anatangaza kwa Kiingereza, kwa sauti ya besi ya mninga, kwamba yuko tayari kuunganishwa. Mama Zawadi kaniuliza anaunganishwa na nani. Sina jibu la saa nane usiku.

Kumbe jibu ni yeyote. Hana neno la siri. Nililijua hilo Jumapili, baba mkwe kaja kutoka Korogwe. Tumekaa, kanywa maji, kakohoa kile kikohozi cha kufungua kikao. "Mkwe wangu, nimekuja tukumbushane ile mahari iliyobaki." Nikainamisha kichwa kwa adabu. Mwanamke wa kwenye spika akatangaza kwamba ameunganishwa. Sijamaliza kuinua kichwa, singeli ikafumuka. Besi yote ile niliyokuwa naitafuta kumbe ipo. Glasi ya baba mkwe ikaanza kutembea mezani. Mimi nabonyeza simu yangu, simu yangu haina habari. Swichi hakuna. Ikabidi nilale kifudifudi mbele ya mkwe, nijipenyeze chini ya kabati, msuli wa kiunoni unabaki nyuma, napapasa plagi. Nikachomoa ya pasi. Nikachomoa ya friji. Ndipo nikapata yenyewe.

Kimya. Natoka na buibui kwenye ndevu, dirishani kuna kichwa cha mtoto wa nyumba ya pili, simu mkononi.

"Shikamoo baba Zawadi. Mbona umezima? Ndo kwanza inachanganya."

Nikatafuta pa kuanzia kumfokea. Baba mkwe akaniwahi.

"Mkwe, mtoto anakuuliza. Washa basi. Ya mahari haikimbii."

Nikakaza msuli, nikalala tena chini.