Mhadhara wa Wazi Kuhusu Nyama Inayoficha Umri Wake

Waheshimiwa wapiga picha wa Joubert Park, wacheza chesi, na nyinyi mnaokimbilia teksi za kituo cha Noord, sogeeni. Mimi ni Profesa. Cheo nimejitunuku mwenyewe baada ya kuona wengine wanachelewa.

Nyuma yangu ni Johannesburg Art Gallery, jengo la mwaka 1915, kazi ya Edwin Lutyens. Humo watu hukodolea macho picha na kutoa hukumu. Nami nahukumu, ila steki.

Nyama mbichi ni maji, kama robo tatu hivi. Ukiigandisha polepole, maji yanakuwa chenga kubwa za barafu zinazochana seli. Ikiyeyuka, yanachuruzika: yale mekundu kwenye trei mnayoyaita damu. Si damu! Ni maji yenye mayoglobini, protini nyekundu ya misuli. Makofi yanaruhusiwa. Muuzaji anafuta trei, anaandika "ya leo", na macho yenu yanakubali.

Hapo inaingia kamera, na si hizo mlizoning'iniza shingoni, msiniudhi. Zenu zinagawa mwanga kwa rangi tatu tu. Yangu, yaani ile nitakayoinunua, inaugawa kwa mamia ya mawimbi, hadi infraredi ambayo jicho haliioni. Karibu na nanomita 970 maji hunyonya mwanga, kwa hiyo kila nukta ya picha inachongea maji yaliyopo hapo. Kompyuta ikishafundishwa kwa nyama ambazo historia yake inajulikana, inaitambua iliyolala kwenye friza. Hata mashine ya MRI husoma maji hayohayo. Nilikwenda hospitali moja na paja la kondoo, mlinzi akanitoa nje. Wivu wa kitaaluma.

Mnasema haiwahusu? Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch walipima bidhaa 139 za nyama za nchi hii. Zaidi ya nusu zilikuwa na vitu visivyotajwa kwenye lebo. Punda alikuwemo. Kama punda mzima alipita kimyakimya, barafu je?

Wapinzani wangu hudai kwamba nyama ikigandishwa haraka sana, chenga zinakuwa ndogo, seli haziumii sana, na mashine inababaika. Ni kweli. Ndiyo maana sijawaalika.

Naam, swali, mama mwenye jiko la mkaa. Unasema nyama yako bado ina barafu, inaonekana kwa macho? Mama, tafadhali usinivurugie utafiti. Iweke juani iyeyuke kwanza, ndipo nikupimie kama iliwahi kugandishwa.