Wali Umeshapaliwa

Insulini ninayotumia, ile ya kawaida, huchomwa nusu saa hivi kabla ya kula, ili chakula kikishuka kiikute imeshaanza kazi. Ukichoma na kula papo hapo, sukari inapanda kwanza. Ukichoma usile, inashuka mpaka utetemeke. Hesabu safi kabisa, ila aliyeipiga hali kwa mamantilie wa Kariakoo.

Nauza vitenge Mtaa wa Congo. Mchana mmoja nikamuuliza mama yetu wa chakula kama tayari. "Tayari baba, wali umeshapaliwa." Aliyekulia pwani anajua maana yake: makaa yako juu ya mfuniko, na mfuniko haufunguliwi kwa ajili ya mtu. Kwa uzoefu wangu, hiyo ni nusu saa. Nikachoma.

Wali haukuchelewa hata dakika. Waliowahi ni wapagazi. Walikuwa wametoka kushusha kontena, wakaikalia ile sufuria mpaka ukoko. Mama hakutahayari: "Subiri kidogo baba, napalia mwingine."

Hapo akaingia mteja kutoka Lubumbashi, mtu wa bei ya jumla. Ubongo unaishi kwa sukari, na ikipungua, nahisi kinachotangulia kuondoka ni akili ya biashara. Akitaja bei, nakubali. Akishusha tena, nakubali. Jasho linanitiririka, mikono inacheza. Akanihurumia: "Mzee, mbona unatetemeka? Nimekukaba sana?" Nikampunguzia nyingine. Doti zile aliondoka nazo kwa bei ambayo hata kiwandani hawaijui.

Kijana wa duka la jirani ndiye aliyeng'amua, akapiga kelele iletwe soda. Ndipo baraza likaketi. Mmoja akasema mwenye kisukari hapewi soda, mnataka kumuua? Mwingine akashauri nipepewe. Wa tatu alikuwa na habari ndefu za mlonge. Muuza soda naye, kwa utulivu wa kazi yake, akauliza: "Baridi au moto?"

Kinachotakiwa pale ni gramu 15 za sukari, ambazo nusu chupa ya soda inazo na kuzidi, kisha kusubiri dakika 15 na kupima tena. Nilikunywa ya moto. Wali ulipofika, kijana alikuwa ameshanisimulia hasara yangu yote.

Kliniki tumekubaliana: chakula kikiwa cha wasiwasi, sindano ingoje sahani. Sukari itapanda kidogo, na hilo tunaliweza. Hayo ni yangu na daktari wangu. Wewe muulize wako.

Ila hili ni la kila mtu. Ukimwona mwenye kisukari anatoka jasho na kutetemeka, na bado anaweza kumeza, mpe soda yenye sukari, si zero. Akishindwa kumeza, usimmiminie kitu kinywani, mkimbize hospitali. Ubishi wa mlonge utaendelea akishapona.