Mheshimiwa Tope wa Rufiji

Nchi hii haina upungufu wa wasifiwa. Barabara husifiwa siku ya kuzinduliwa, madaraja husifiwa, hata tanki la maji huchezewa ngoma. Mmoja tu hajawahi kukatiwa utepe, naye ni tope la Rufiji. Analaaniwa na dereva wa fuso, analaaniwa na mama aliyetoka kudeki, analaaniwa na mwanafunzi mwenye soksi nyeupe. Mimi nimeamua kumsifu, tena kwa jambo ambalo sijasikia mtu akilitaja: katika miji yetu midogo, kuanzia Jaribu Mpakani na Bungu hadi Kibiti, Ikwiriri na Muhoro, ni yeye aliyekuwa akitukutanisha na watu maarufu ana kwa ana. Tangu aondolewe barabarani tunawaona kupitia kioo, nacho ni kioo cheusi.

Tuanze na nasaba, maana msifiwa asiye na ukoo ni mpita njia. Mheshimiwa si mzaliwa wa hapa. Nduguze wengine wameshuka na Ruaha Mkuu, wengine na Kilombero, wengine na Luwegu, wakakutana, wakawa mto mmoja, wakateremka hadi baharini, wakachoka, wakakaa. Udongo wa Iringa, wa Njombe na wa Songea umehamia kwetu bila barua ya uhamisho. Juu yake umeota msitu wa mikoko ulio mkubwa kuliko wote nchini, na bondeni humo watu wamelima mpunga na mazao ya mlau, yale yanayopandwa mafuriko yakipwa, toka enzi za mababu, wakiishi juu ya madungu maji yanapopanda. Ndani yake anaishi kaa, ambaye siku hizi hufungwa miguu kwa kamba na kupelekwa China kwa ndege akiwa hai. Wengi wa jirani zake hawajapanda ndege.

Mgeni wetu wa kwanza mwenye jina kubwa alikuja mwaka 1914, na alikuwa meli. Königsberg, manowari ya Wajerumani, ilitoka Rufiji ikaenda kuizamisha manowari ya Waingereza, Pegasus, pale Zanzibar asubuhi ya Septemba 20, kisha ikarudi kujificha kwenye mikono ya delta. Pwani nzima ikaijua kama manowari ya bomba tatu. Huyo ndiye supastaa wetu wa mwanzo, na alichofuata si ukarimu wetu, ni tope. Meli kubwa zilizomwinda ziliishia kwenye midomo ya mto, zikihofia kukwama. Waingereza wakamkodi rubani wa kiraia kutoka Afrika Kusini, na ndege yake, ili amchungulie mgeni kutoka angani. Mheshimiwa hapendi wachunguliaji. Kabla mwaka haujaisha ndege ilikuwa chini na rubani mateka. Ikabidi ziletwe meli mbili za kina kifupi, Severn na Mersey, zilizokuwa zimejengwa kwa ajili ya mito ya Brazil, ndipo mambo yakaisha Julai 11, 1915.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu alikaa karibu miezi kumi, na jembe akalishika mwenyeji. Mashine zilipoharibika, wapagazi waliburuta vyuma vyake kwa nchi kavu hadi Dar es Salaam vikatengenezwe, kisha wakaviburuta tena kuvirudisha. Jina la nahodha, Max Looff, linajulikana. Ya wapagazi hayakuandikwa, na nadhani tangu siku hiyo ndio utaratibu wa kupokea wakubwa katika wilaya hizi. Mizinga ya meli ilikwenda kupigana vita kwingine, na mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, ukipigwa picha na watalii. Mwili ulibaki kwetu. Watu waliukata vyuma miaka nenda rudi, na kilichosalia Mheshimiwa alikizika mwenyewe bila kuomba bajeti.

Kisa hicho kilizaa filamu mwaka 1976, Shout at the Devil, wakacheza Lee Marvin na Roger Moore, huyo huyo aliyekuwa James Bond wa miaka ile. Basi Roger Moore alifika Rufiji? Wapi! Picha zilipigwa Afrika Kusini na Malta. Kuna namna ya kuwa maarufu ambapo jina lako linaalikwa na wewe unaachwa nyumbani, nasi tuliionja mapema. Matope aliyokanyaga Bwana Bond yalikuwa ya watu wengine. Ya kwetu yangemvua viatu na kumkalisha hadi maji yajae, na angeondoka anajua majina ya watu wawili watatu.

Labda ndiyo sababu watu wa bonde hawababaikii majina. Bibi Titi Mohamed, sauti ya TANU iliyotikisa nchi nzima, alikipoteza kiti chake cha ubunge cha Rufiji katika uchaguzi wa 1965. Leo ana barabara kubwa katikati ya Dar es Salaam. Kwetu alihesabiwa kura kama mtu mwingine yeyote. Miaka mitatu baadaye mto ulifurika, na Serikali ikawatoa watu bondeni na kuwapeleka kwenye miinuko, katika vijiji vya ujamaa. Miji inayoringia leo vituo vya mafuta na nyumba za wageni zenye feni ilinenepa kwa watu waliofukuzwa na maji.

Lakini zama tamu za Mheshimiwa zilikuwa kwenye Barabara ya Kilwa. Kwanza palikuwa na kivuko cha Ndundu, ambapo kila mtu alisubiri. Daraja la Mkapa likafunguliwa mwaka 2003, karibu kilomita nzima juu ya mto, tukadhani Mheshimiwa amestaafu. Kumbe bado alikuwa na kilomita 60 za Ndundu hadi Somanga, na alizishikilia miaka mingine kumi na zaidi. Masika yakikolea, basi la Mtwara lilikuwa safari isiyo na tarehe ya kufika.

Anayeyakumbuka anajua jinsi ilivyokuwa. Dereva anazima injini. Konda anashuka, anainama, anatazama gurudumu lililozama mpaka kwenye rimu, anatema mate, anasema, “Jamani, tushuke.” Wote wanashuka. Mkuu wa idara na briefkesi yake anashuka, mwamuzi wa ligi anashuka, mpiga gita anayekwenda kutumbuiza Mtwara anashuka. Suruali zinakunjwa hadi magotini. Vijana wa kijiji wanatokea porini na mabeleshi, mbao na kamba, wamesimama wima kama mafundi walioitwa na mwenye nyumba, na bei yao haipungui kwa sababu wewe huimbwa redioni. Kina mama wanafika na mihogo ya kuchemsha na birika la chai. Mgeni njoo, mwenyeji apone: ule msemo ulikuwa na risiti siku zile.

Kuna fundi baiskeli Ikwiriri anayesimulia, na hiari ni yako kumwamini, kwamba alizamisha mkono hadi kwenye kiwiko akatoa kiatu cha kushoto cha mpiga solo wa bendi moja kubwa ya Dar es Salaam. Mpiga solo akakaa kwenye gogo akakisugua kwa majani, wakala mhogo, wakabishana kuhusu Yanga mpaka adhuhuri. Fundi alikuwa Simba, na anasema alishinda ule ubishi. Hakuna picha. Hakuna aliyeomba picha. Gita la bwana yule likilia redioni hata leo, fundi anawanyamazisha wateja wote, hata mwenye pancha.

Kisha ikaja lami. Sijakaa hapa kuipinga lami. Niliishangilia kama wengine, na nauli ya mgonjwa kwenda Muhimbili si jambo la kufanyia mzaha. Nasema tu tulichopewa na tulichonyang'anywa. Njoo Kibiti siku ambayo Simba au Yanga wanashuka kwa barabara kwenda Ruangwa kucheza na Namungo. Asubuhi mtu anapigiwa simu: “Wameshapita Mkuranga.” Bodaboda wanaacha abiria. Fundi cherehani anatoka na futi shingoni. Wauza korosho wanapanga mifuko vizuri zaidi, ile kubwa mbele. Simu zinainuliwa kabla hata ya vumbi kuonekana. Halafu linakuja, refu, linang'aa, mapazia yamefungwa, madirisha yasiyofunguka kwa sababu ya kiyoyozi. Linapunguza mwendo kwenye tuta. Hapa naomba tulishukuru na tuta, mjukuu wa Mheshimiwa kwa upande wa mama, dogo, linatukanwa na kila dereva, lakini ndilo pekee lililobaki na uwezo wa kumwambia mkubwa apite taratibu. Gurudumu la mbele, gurudumu la nyuma, basi limekwenda. Korosho hazijanunuliwa.

Jioni yote video inatazamwa. Ni ya sekunde chache. Inaonyesha ubavu wa basi, nembo ya mdhamini, na mahali fulani pazia linatikisika na mkono unaonekana. Mkono wa nani? Vijiwe viwili vya kahawa vimegawanyika. Upande mmoja unasema ni wa mshambuliaji. Upande wa pili unasema ni wa daktari wa timu anayerekebisha pazia asipigwe na jua. Ukiisimamisha video vizuri, kitu kinachoonekana wazi kuliko vyote ni mpigaji mwenyewe kwenye kioo cheusi, simu juu, mdomo wazi. Kijana aliyeipiga ameiweka kwenye stetasi yake na kuandika kwamba amekutana na Simba.

Nisisahau kwamba Kibiti yenyewe iliwahi kuwa maarufu. Kati ya 2015 na 2017 jina lake lilisomwa kwenye taarifa za habari mara kwa mara kwa ajili ya mauaji ya viongozi wa vijiji, raia na askari polisi. Mastaa hawakupita miaka ile, na waliopita hawakupunguza mwendo. Umaarufu ule hausifiki na sitaufanyia utani. Nautaja kwa sababu hadi leo mtu wa huko akijitambulisha mjini, anayemsikiliza hunyamaza kidogo kwanza, na msanii aliyevuka tuta kwa sekunde chache huhesabika kama neema.

Kwa bahati nzuri Mheshimiwa hajafa. Amerudi nyumbani, kwenye delta, na huko bado ana madaraka kamili. Kufika Mbwera, Kiongoroni au Salale si suala la gari bali la chombo na saa ya maji. Wakati wa kampeni, mgombea anafika maji yakiwa yamejaa, na huyo anakuwa mtu tofauti kabisa na yule wa jukwaani Kibiti. Ameshika viatu mkononi. Soksi ziko mfukoni, moja inaning'inia. Anatembea kama mtu anayeogopa kukanyaga watoto waliolala, na kibibi aliyezaliwa humo anampita na ndoo kichwani bila kupunguza mwendo. Mgombea anahutubia, na nahodha anatazama maji. Yakianza kupwa, nahodha anakohoa. Hotuba ambayo mjini ingechukua saa mbili, yenye salamu za chama na mafanikio ya awamu zote, huko inaisha kwa dakika ishirini, kwa sababu atakayezidisha atalala kwenye dungu na mbu. Niambieni ni spika gani wa bunge lolote duniani amewahi kuweza hilo.

Watakuwepo wapinzani, na hoja zao si nyepesi. Mama mjamzito anayelazwa kwenye ngalawa akisubiri maji yajae ili apelekwe hospitali ana maoni yake kuhusu Mheshimiwa, na si ya kuwekwa katika makala ya sifa. Vivyo hivyo waliopoteza nyumba na mashamba katika mafuriko ya Aprili 2024, Muhoro na kwingineko, ambao kwao tope lilikuja sebuleni. Wengine watasema siku za Mheshimiwa zinahesabika hata bila mimi: Desemba 2022 mto ulianza kujaza Bwawa la Nyerere, mradi wa megawati 2,115, na udongo uliozoea kuteremka hadi kwetu sasa unatulia nyuma ya ukuta wa zege. Umeme unakwenda mjini, mchanga unabaki juu, na mkulima wa mlau anatazama shamba lake na kujiuliza msimu huu rutuba itatoka wapi. Tope linapozidi ni balaa, lakini kuna wanaoanza kulililia.

Na asidhani mtu kwamba barabarani amesahaulika moja kwa moja. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata Barabara ya Kilwa upande wa Somanga, mabasi na malori yalipanga foleni huku na huku. Mwenye kiyoyozi na asiye nacho walinunua maji ya chupa kwa muuzaji mmoja. Waziri wa Ujenzi wa wakati huo, Innocent Bashungwa, alipiga kambi pale pale hadi njia ikafunguka. Siku zile wananchi wa kusini walimwona waziri akiwa na gambuti, kwa ukaribu ambao ziara rasmi yenye ving'ora haiwezi kuutoa.

Kwa hiyo nina ombi kwa wanaohusika na barabara, nalo ni dogo. Sitaki lami ing'olewe. Nataka mita 20 tu zirudishwe kwa mwenyewe, pale Kibiti, kabla ya kituo cha mafuta, kwa siku za ligi na za matamasha. Magari ya wagonjwa yatengewe njia ya pembeni. Vijana wa kusukuma wapo, mabeleshi yao hayajauzwa, na nimeshazungumza nao kuhusu malipo: kwa basi la timu ni mchezaji mmoja ashuke, avue viatu, ale mhogo, na aseme ule mkono ulikuwa wa nani.